Hesabu ya Mwisho wa Mwaka: Mwakilishi wa Wadi Mbele ya Wananchi Nchini Kenya

Kila mwaka unapofikia ukingoni, Bunge la Kenya na mabunge ya kaunti za nchi hiyo huahirisha vikao kwa mapumziko marefu, na wajumbe wake hurejea kwa watu waliowachagua. Ni majira ambayo shule zimefungwa na watu wengi wanaofanya kazi mijini wamerudi makwao kwa sikukuu. Wajumbe wengi hutumia nafasi hiyo kuitisha mikutano, au kutoa taarifa iliyochapwa, wakieleza yaliyotendeka tangu Januari. Mna humo habari za serikali: sheria zilizopitishwa, fedha zilizopatikana, barabara zilizokamilika na zile zilizosimama. Mna pia habari za jamii: zahanati iliyofunguliwa, kisima kilichochimbwa, watoto waliolipiwa karo, na pengine salamu za rambirambi kwa waliofiwa.

Desturi hii haiko Kenya peke yake. Katika majimbo 50 ya Marekani, wajumbe wengi wa mabunge ya majimbo huwapelekea wapiga kura wao barua ya namna hiyo kila mwaka unapokwisha. Lakini kwa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mabunge ya kaunti yalizaliwa kutokana na msiba, na kwa sababu hesabu isipotolewa, au ikitolewa kwa hila, mara nyingi anayesimama mbele ya wananchi wenye hasira si mjumbe aliyewakosea, bali ni askari.

Yafaa kwanza ifahamike mabunge hayo yalitoka wapi. Kenya ilipopata serikali ya ndani mwezi wa Juni 1963, katiba yake iliigawa nchi katika mikoa 7 pamoja na eneo la Nairobi, na kila mkoa ukapewa baraza la kutunga sheria. Kulikuwa na Seneti vilevile. Mpango huo, uliojulikana kwa jina la majimbo, haukudumu. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 12 Desemba 1964 mabaraza hayo yalikuwa yamekwisha kunyang'anywa nguvu, na Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1966. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 40, mambo makubwa yaliamuliwa Nairobi, na katika mikoa na wilaya sauti ya serikali ilikuwa ya watawala walioteuliwa na Rais. Mwananchi aliyetaka kujua kwa nini barabara yake haitengenezwi hakuwa na mtu wa karibu wa kumuuliza aliye na mamlaka juu ya fedha.

Mfumo huo uliwafanya watu wengi waamini kwamba maendeleo ya sehemu yao yanategemea nani amekaa Ikulu. Kwa hiyo kila uchaguzi wa Rais ukawa kama vita vya kufa na kupona. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 moto ukawaka: watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makazi yao. Suluhu ilitafutwa na jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Bwana Kofi Annan, pamoja na Rais mstaafu wa Tanzania, Mzee Benjamin Mkapa, na Bibi Graça Machel. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa wakati huo Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwapo Nairobi mapatano yalipotiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Miongoni mwa mambo yaliyofuata mapatano hayo ni katiba mpya, ambayo wananchi waliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, nayo ikatangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huohuo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kaunti 47 zikaanza kazi, kila moja ikiwa na gavana wake na bunge lake.

Nchi nzima imegawanywa katika wadi 1,450, na kila wadi huchagua mjumbe mmoja wa kwenda katika bunge la kaunti. Wenyeji humwita mwakilishi wa wadi. Pamoja na hao wamo wajumbe wa kuteuliwa, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge na ili makundi madogo yapate sauti. Kazi za mwakilishi wa wadi zimetajwa katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Inamtaka awe karibu na wapiga kura na kushauriana nao juu ya mambo yanayojadiliwa bungeni, apeleke huko maoni na mapendekezo yao, na awe kiungo kati ya bunge na wananchi katika utoaji wa huduma. Sheria hiyo haikuweka namna moja ya kufanya hivyo. Mmoja ataitisha mkutano wa hadhara, mwingine atachapisha taarifa. Lakini wajibu wa kurudi kwa wananchi si hisani ya mjumbe. Umo katika sheria.

Sheria hiyohiyo inaweka mpaka mmoja ambao raia wengi hawaujui, na baadhi ya wajumbe hupenda usijulikane. Mwakilishi wa wadi haruhusiwi kujiingiza katika kazi za utendaji za kaunti, wala katika utoaji wa huduma. Hatoi zabuni, haajiri wafanyakazi, wala hasimamii ujenzi. Hizo ni kazi za gavana na kamati yake ya utendaji. Kazi ya mwakilishi ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha makadirio ya fedha, na kuwasimamia watendaji. Askari ataelewa maana ya mpaka huu bila taabu. Katika kambi yoyote yenye nidhamu, mtunza bohari hakagui bohari yake mwenyewe. Mmoja hutunza na mwingine huja na daftari kuhesabu. Siku mtu mmoja atakapoyashika yote mawili, ndiyo siku risasi zitakapoanza kupungua bila maelezo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Usimamizi huo una meno. Bunge la kaunti linaweza kumshitaki gavana mbele ya Seneti, nayo Seneti ikiridhika humwondoa. Mwezi wa Januari 2020 aliondolewa kwa njia hiyo gavana wa Kiambu, Bwana Ferdinand Waititu, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo akaondolewa gavana wa Nairobi, Bwana Mike Sonko. Kwa hiyo taarifa ya mwisho wa mwaka ya mwakilishi inapohesabu barabara na visima tu, wala isiseme neno juu ya maswali aliyoyauliza bungeni na hesabu alizozikagua, taarifa hiyo imeacha nusu ya kazi yake.

Jambo la pili la kutazamwa ni fedha. Katiba inasema kwamba mapato ya taifa yanayokusanywa yagawanywe kati ya serikali kuu na kaunti, na kwamba fungu la kaunti zote lisipungue asilimia 15 ya mapato hayo, kwa kipimo cha hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zilitengewa shilingi za Kenya bilioni 190. Mwaka wa 2021/22 fungu hilo lilifika bilioni 370, na mwaka wa 2023/24 likawa bilioni 385.4. Fedha hizo ndizo tegemeo kubwa la kaunti nyingi, maana kodi na ushuru zinazokusanywa na kaunti zenyewe hazitoshi.

Hapa ndipo msikilizaji makini anapopaswa kuangalia kalenda mbili. Mwaka wa mikutano na sikukuu huisha Desemba, lakini mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mwakilishi anaposimama mbele ya watu mwezi wa Desemba, mwaka wa fedha umefika nusu tu. Akisema daraja litajengwa mwaka huu, wananchi hufahamu kwamba amekusudia mwaka wa kalenda, naye amekusudia mwaka wa fedha. Isitoshe, magavana wamelalamika mara nyingi kwamba fedha kutoka Hazina huchelewa kufika. Hivyo mradi uliomo katika makadirio waweza kuwa haujaanza, na hakuna aliyeiba. Aidha waweza kuwa haujaanza kwa sababu mtu ameiba. Tofauti ya mambo haya mawili haionekani kwa macho barabarani. Huonekana katika hesabu peke yake, na ndiyo maana hesabu lazima isomwe hadharani.

Mfano mzuri ni mwaka 2024. Mwezi wa Mei sheria ilipitishwa ya kuzigawia kaunti shilingi bilioni 400.1. Serikali ilitarajia kupata fedha zaidi kwa kodi mpya zilizopendekezwa katika Muswada wa Fedha wa mwaka huo. Muswada huo ukapingwa vikali, hasa na vijana. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge mjini Nairobi. Watu waliuawa kwa risasi, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini muswada huo. Mapato yaliyotarajiwa yakawa hayapo tena, na ugomvi ukazuka kati ya Baraza la Taifa na Seneti juu ya kiasi gani kipunguzwe katika fungu la kaunti. Baraza lilitaka libaki bilioni 380. Seneti ikashikilia bilioni 400.1. Mwisho wa yote kamati ya upatanishi ikaafikiana juu ya bilioni 387.4. Yote haya yalichukua miezi, na mwaka ukafika mwisho wakati kaunti hazijatengemaa katika mipango yake. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 fungu liliongezwa kuwa bilioni 415.

Mwakilishi wa wadi aliyewaeleza watu wake habari hiyo mwezi wa Desemba 2024, hatua kwa hatua, aliwapa ufunguo wa kufahamu kwa nini zahanati yao ilikosa paa. Aliyewaambia tu kwamba serikali imekataa, au kwamba gavana hawapendi watu wa wadi ile, alipanda mbegu ya chuki mahali ambapo maelezo ya dakika kumi yangetosha.

Jambo la tatu ni kujua kazi ipi ni ya nani. Katiba ya Kenya imegawa kazi katika jedwali lake la nne. Ulinzi wa taifa, polisi, mambo ya nchi za nje, vyuo vikuu, shule za msingi na za sekondari, na hospitali kuu za rufaa ni za serikali kuu. Zahanati na hospitali za kaunti, kilimo, minada ya mifugo, udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama, barabara za kaunti, masoko, maji, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi za kaunti. Lakini katika mikutano ya mwisho wa mwaka mpaka huo aghalabu husahauliwa. Mbunge wa taifa, anayetumia mfuko wa maendeleo ya majimbo ya uchaguzi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, hujisifu kwa darasa. Mwakilishi wa wadi hujisifu kwa karo. Mwezi wa Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe fedha za karo za shule na vyuo vilivyo chini ya serikali kuu mpaka pawepo mapatano rasmi kati ya pande mbili, na shauri hilo likafikishwa mahakamani. Mfuko wa majimbo nao umepingwa mahakamani zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba mtunga sheria hapaswi kuwa mtekelezaji wa miradi. Katika mabishano haya yote, mzazi maskini hajali fedha zimetoka mfuko upi. Ila yampasa ajue, kwa sababu asipojua hatamjua wa kumdai.

Kwa maafisa na askari kuna sehemu ya mfumo huu inayowahusu moja kwa moja. Polisi wa Kenya ni wa taifa. Gavana hana amri juu yao, wala bunge la kaunti halina. Hata hivyo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliweka katika kila kaunti mamlaka ya mashauriano juu ya ulinzi wa raia. Mwenyekiti wake ni gavana au mjumbe wa kamati ya utendaji aliyemteua. Wamo ndani yake wakuu wa polisi, wa upelelezi na wa usalama wa taifa katika kaunti, wajumbe wawili waliochaguliwa na bunge la kaunti, na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye mahitaji maalumu. Lengo lake ni kwamba raia waseme hofu zao na polisi wasikie kabla mambo hayajaharibika. Mwakilishi anayetoa taarifa kamili ya mwaka ataeleza pia yaliyozungumzwa humo: wizi wa mifugo, magendo, ugomvi wa malisho, vijana wasio na kazi. Wala katiba haikuliacha jambo hili bila kizuizi. Inavikataza vyombo vya usalama vya Kenya kutumikia chama chochote cha siasa, na inaviweka chini ya mamlaka ya kiraia. Askari anayelinda mkutano wa mwakilishi halindi sifa za mwakilishi huyo. Analinda haki ya aliyekuja kusikiliza, na ya aliyekuja kuuliza.

Mpakani mambo haya si nadharia. Kaunti za Migori, Narok, Kajiado, Taita Taveta na Kwale zinapakana na Tanzania. Magari na watu hupita Sirari na Isebania, Namanga, Holili na Taveta, Horohoro na Lungalunga, ambako vituo vya pamoja vya forodha na uhamiaji vimejengwa. Ofisa wa Tanzania anayeshughulikia wizi wa ng'ombe atazungumza na polisi wa Kenya, ambao ni wa taifa. Lakini ng'ombe haohao wakiwa na ugonjwa, au wakipelekwa mnadani, mwenye kazi upande wa pili ni kaunti. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iko chini ya shirika la taifa, hali Maasai Mara, inayopakana nayo, ni hifadhi iliyo mikononi mwa Kaunti ya Narok. Asiyejua mgawanyo huu atabisha hodi mlango usio wake, na muda unaopotea ndio muda anaoutaka mhalifu.

Nchini Tanzania mfumo ni mwingine: kata ina diwani, naye huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na halmashauri hazina bunge la kutunga sheria kubwa. Lakini swali la wananchi ni lilelile. Na askari wa Tanzania, ingawa katiba ya nchi yake inamkataza kujiunga na chama chochote cha siasa, haikumnyang'anya kura yake. Naye ni mkaazi wa kata fulani, ana watoto katika shule fulani, na ana haki ya kusikia hesabu kama raia mwingine yeyote. Kutokuwa na chama hakumaanishi kutokuwa na masikio.

Ni kweli kwamba taarifa nyingi za mwisho wa mwaka huko Kenya huwa na harufu ya kampeni, na harufu hiyo huzidi kadiri uchaguzi unavyokaribia. Uchaguzi mkuu ujao umewekwa na katiba kuwa Agosti 2027. Picha huwa nyingi, tarakimu huwa chache. Lakini mwananchi wa Kenya ana mizani ya kupimia. Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa za matumizi ya kila kaunti kwa kila robo ya mwaka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa zake kila mwaka. Gavana naye anatakiwa na sheria kulihutubia bunge la kaunti mara moja kwa mwaka juu ya hali ya kaunti. Na katiba imeagiza vikao vya mabunge hayo vifanywe mbele ya watu wote. Anayetaka kupima maneno ya mwakilishi wake ana pa kuanzia.

Tena wakati wa kuuliza ni huohuo wa Desemba. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwongozo wa mapato na matumizi hufuata ifikapo mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na kupitishwa kabla ya Juni kwisha. Swali linaloulizwa Desemba laweza kubadili makadirio ya Aprili. Swali linaloulizwa Julai limechelewa, na swali lililozuiwa kuulizwa kabisa halifi. Hutafuta njia nyingine ya kutokea, na njia hiyo mara nyingi ni barabara kuu yenye mawe na matairi yanayowaka.

Hilo ndilo fungu la askari katika habari hii. Msiba wa mwaka 2008 ulionyesha gharama ya watu kuamini kwamba hawana wa kumuuliza. Siku ya tarehe 25 Juni 2024 ilionyesha kwamba hata mahali penye mabunge 47 ya kaunti na mawili ya taifa, watu wakiona hawakusikilizwa, mzigo hushuka mabegani mwa polisi na wanajeshi, ambao hawakutunga kodi wala kugawa fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwakilishi anayesimama juani kwa saa mbili mwezi wa Desemba, akasoma hesabu zake na kujibu maswali machungu, anaziba ufa huo kwa niaba ya wengi, wakiwamo wale waliovaa sare.